Ukurasa Uliovunjika Katikati: Historia ya Makosa katika Violezo vya Wavuti

Wavuti iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, mwishoni mwa mwaka 1990, haikuwa na njia yoyote ya kumjulisha msomaji kwamba jambo limeharibika isipokuwa kumwandikia. Katika toleo la kwanza la HTTP, yaani itifaki inayotawala mazungumzo baina ya kivinjari na seva, jibu la seva lilikuwa maandishi ya HTML tu, na waraka ulioombwa ulipokosekana, seva ilituma maandishi mengine ya HTML yenye maelezo ya tatizo, bila alama yoyote ya kuutenga ujumbe wa kosa na waraka halisi. Mtu aliyesoma alielewa, lakini kompyuta iliyopokea haikuwa na namna ya kutambua. Namba za hali, ambazo huandamana na kila jibu ili kueleza lilivyokwenda, ziliingizwa katika rasimu ya mwaka 1992 na kuchapishwa katika hati ya HTTP/1.0 ya Mei 1996, zikifuata mtindo wa itifaki kongwe za kuhamisha mafaili na kupeleka barua pepe, ambamo tarakimu ya kwanza hutaja aina ya jibu. Kwa HTTP, 2 ni mafanikio, 4 ni kosa la aliyeomba, na 5 ni kosa la seva yenyewe. Hadithi iliyoenea kwamba 404, namba ya waraka usiopatikana, ilikuwa namba ya chumba fulani huko CERN haina msingi, na Robert Cailliau, aliyeshirikiana na Berners-Lee tangu mwanzo, ameikanusha waziwazi.

Kuanzia hapo kila jibu likawa na sauti mbili, namba kwa ajili ya kompyuta na maneno kwa ajili ya mtu, na sehemu kubwa ya historia inayofuata inahusu jinsi sauti hizo zilivyopingana pindi kurasa zilipoacha kuwa mafaili yaliyoandikwa mapema na kuanza kutungwa na programu kwa kutumia violezo. Kiolezo, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni faili lenye maandishi ya ukurasa yaliyokamilika isipokuwa mapengo machache, ambayo programu huyajaza kwa thamani zitokazo katika hifadhidata au kwa msomaji mwenyewe kila ukurasa unapoombwa. Pengo likikosa cha kulijaza, au amri iliyomo ndani ya kiolezo ikishindwa kutekelezwa, mfumo hauna budi kuchagua kati ya kuusimamisha ukurasa mzima, kuliacha pengo wazi, na kuandika malalamiko yake palepale mbele ya msomaji. Kila kizazi cha mifumo ya violezo kilichagua kwa namna yake, na mara nyingi kilichagua bila kujua kwamba kinachagua.

Mpango wa CGI, uliobuniwa mwaka 1993 na watunzi wa seva ya NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, uliiwezesha seva kuendesha programu ya nje na kumpelekea msomaji chochote ilichokitoa, kwa sharti kwamba programu ianze kwa vichwa, yaani mistari ya utangulizi inayoeleza jibu ni la aina gani, kisha iache mstari mtupu, ndipo maandishi yafuate. Nyingi ya programu hizo ziliandikwa kwa lugha ya Perl, na iliyokufa kabla ya kutoa vichwa ilizaa jibu la namba 500 lenye maneno ya jumla yaliyomshauri msomaji awasiliane na msimamizi wa seva, ilhali sababu yenyewe ilibaki katika faili la kumbukumbu za seva, ambalo mwandishi wa programu aliyekodi nafasi kwenye kompyuta ya wengine mara nyingi hakuwa na ruhusa ya kulifungua. Ndiyo maana nyongeza ya CGI::Carp, iliyofuatana na maktaba ya CGI.pm ya Lincoln Stein, iliwafaa wengi: kwa mstari mmoja tu, maneno ya mwisho ya programu inayokufa yaliweza kuelekezwa kwenye kivinjari. Kilichotungwa kumsaidia mwandishi akiwa kazini kiliachwa kikifanya kazi hata baada ya tovuti kufunguliwa kwa umma, na uzembe huo ukawa desturi iliyorithiwa na lugha zilizofuata.

Mrithi mkuu alikuwa PHP, iliyotangazwa na Rasmus Lerdorf tarehe 8 Juni 1995. PHP iligeuza utaratibu wa Perl juu chini, kwa sababu faili lake ni ukurasa wa HTML uliopachikwa amri, wala si programu inayochapisha HTML. Kwa maneno mengine, lugha yenyewe ni kiolezo. Kosa lilipotokea, ujumbe wake uliandikwa mahali palepale ambapo ukurasa ulikuwa umefikia, pengine katikati ya jedwali au ndani ya orodha ya kuchagulia, ukitaja njia kamili ya faili kwenye seva na namba ya mstari. Mtu aliyekuwa akijifunza hangeweza kutamani msaada mkubwa kuliko huo, na ni haki kusema kwamba uwazi huo ulichangia kuifanya PHP ienee miongoni mwa watu wasiosomea kompyuta. Kwa mteja wa duka, hata hivyo, ujumbe uleule ulikuwa kelele asizozielewa. Lugha ikatoa dawa mbili: mpangilio wa kuzima maonyesho ya makosa kwa seva nzima, na alama ya @ ambayo, ikiwekwa mbele ya amri, ilinyamazisha malalamiko ya amri hiyo peke yake. Dawa ya pili ilitumiwa kupita kiasi, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuandika alama moja kuliko kuuliza kwa nini hifadhidata haikufunguka, na ilikuwa lazima kungoja PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, ili alama hiyo ipoteze uwezo wa kuficha hata makosa yanayoiua programu. Watumiaji wa ASP, mfumo wa Microsoft uliotoka Desemba 1996, walikuwa na kishawishi kama hicho katika amri iliyorithiwa kutoka Visual Basic, ambayo iliiagiza programu ipuuze kosa na kuendelea na mstari unaofuata, hata kama mstari huo ulitegemea kazi iliyoshindwa.

Ugumu uliokuwa chini ya mambo haya yote haukutokana na lugha fulani, bali ulitokana na mwendo wa kiolezo chenyewe. Seva hutuma ukurasa huku ukiwa bado unatungwa, kama barua ambayo msomaji ameanza kuisoma kabla mwandishi hajaimaliza, na namba ya hali hutangulia maandishi yote. Kwa hiyo seva inayokutana na kosa katika mstari wa mia mbili ilikwisha kuapa, katika mstari wa kwanza, kwamba mambo ni shwari. Teknolojia ya JSP, iliyotoka mwaka 1999 kwa ajili ya lugha ya Java, ndiyo iliyolikabili jambo hili kwa uwazi mkubwa zaidi wakati huo. Mwandishi aliweza kutaja juu ya kila ukurasa jina la ukurasa mwingine wa kuonyeshwa endapo kutatokea eksepsheni, yaani kosa linalokatiza mwendo wa programu na kupanda ngazi kwa ngazi hadi lipate mahali palipoandaliwa kulipokea. Ili hilo liwezekane, maandishi yaliwekwa kwanza katika bafa, hifadhi ya muda ambayo kwa kawaida ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 8. Kosa likitokea kabla bafa haijajaa, mfumo uliyatupa maandishi yaliyokusanywa na kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa makosa bila yeye kujua. Bafa ikishajaa na kumwagwa kwenye mtandao, mlango ulikuwa umefungwa, na jaribio la kuhamia ukurasa mwingine lilizaa kosa jipya juu ya lile la kwanza. Matokeo yake ni kwamba ukurasa mfupi ulikuwa na adabu na ukurasa mrefu haukuwa nayo, ingawa kurasa zote mbili ziliandikwa na mtu yuleyule kwa utaratibu uleule.

JSP ilileta pia tatizo la pili, ambalo halikumgusa msomaji bali mwandishi peke yake. Kwa kuwa kila kiolezo kilitafsiriwa kwanza kuwa faili la Java, namba ya mstari iliyotajwa na kosa ilikuwa ya faili hilo la tafsiri, ambalo mwandishi hakuwahi kuliandika wala kuliona, na siku nzima ingeweza kupotea katika kutafuta mstari wa kiolezo uliolingana nao. Ilibidi pawepo pendekezo rasmi la jumuiya ya Java, lenye namba 45, ili faili lililozalishwa kutokana na tafsiri hiyo liweze kubeba ramani ya kurudi kwenye mistari ya chanzo.

Ukurasa ulioachwa nusu ungemfikia msomaji kama uharibifu mtupu, laiti vivinjari visingekuwa na uvumilivu mkubwa. Tangu mwanzo vivinjari vilikubali HTML yenye kasoro, kwa kufuata kanuni ambayo Jon Postel alikuwa ameiweka mwaka 1980 katika hati ya itifaki ya TCP, inayodai ukali katika kutuma na ulegevu katika kupokea. Jedwali lisilofungwa lilifungwa na kivinjari chenyewe, na ukurasa uliokatika ulionekana kama ukurasa mfupi. XML, iliyokamilishwa mwaka 1998, ilishika msimamo wa kinyume, kwamba kosa moja la kisarufi linatosha kuukataa waraka wote, na XHTML 1.0 ya Januari 2000 ikautaka msimamo huo uhamie kwenye wavuti. Kwa tovuti iliyotungwa na violezo hilo lilikuwa tishio, maana alama moja ya & iliyoandikwa na mtoa maoni, ikipita katika kiolezo bila kusafishwa, ingemwonyesha kila msomaji ujumbe wa kosa badala ya makala. Wengi waliandika XHTML na kuitangaza kwa kivinjari kuwa ni HTML ya kawaida, ili wafaidi jina bila kulipa gharama. Kundi la WHATWG, lililoundwa mwaka 2004 na watu wa kampuni za vivinjari, hatimaye liliandika kanuni inayoeleza hatua kwa hatua jinsi kila kasoro inavyopaswa kupokelewa, na hivyo uvumilivu uliokuwa tabia ya kila kivinjari ukageuka sheria moja kwa vyote.

Kivinjari kilipata nafasi ya kuingilia kati kwa njia nyingine pia. Internet Explorer 5 ya mwaka 1999 iliamua kwamba ujumbe wa kosa uliotoka kwenye seva, ukiwa mfupi kuliko kiwango fulani ambacho kwa namba nyingi kilikuwa baiti 512, hauna manufaa kwa msomaji, hivyo ikauficha na kuonyesha ukurasa wake yenyewe wenye ushauri wa jumla. Waandishi wa tovuti walijibu kwa kujaza kurasa zao za makosa maoni yasiyoonekana hadi zivuke kiwango hicho, na mabaki ya ujazo huo yaliendelea kukutwa katika violezo vya zamani muda mrefu baada ya sababu yake kusahaulika. Wengine walichagua njia iliyo mbaya zaidi, ya kutuma ujumbe wa kosa chini ya namba 200, ambayo ni namba ya mafanikio. Mtu akasoma kwamba ukurasa haupo, na mitambo ya utafutaji ikauhifadhi kama ukurasa halali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilienea rai kwamba kiolezo kikabidhiwe mbunifu wa sura za kurasa, na hesabu zote zibaki kwa mwandishi wa programu. Kugawana kazi huko kuligeuza maana ya kosa, kwa sababu mbunifu aliyekosea jina la kibadilika, yaani jina linaloshikilia nafasi ya thamani, hakuwa na ujuzi wa kusoma eksepsheni. Velocity, mfumo wa jumuiya ya Apache, ulilichapa jina lisilojulikana kama lilivyoandikwa, pamoja na alama yake ya dola, ili upungufu uonekane, na ukampa mwandishi alama ya mshangao ya kuongeza pale alipotaka kimya. Django, iliyotungwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas na kutolewa kwa umma Julai 2005, ilichagua kimya kuwa kawaida: kibadilika kisichokuwepo huandikwa kama maandishi matupu, na mwongozo wake uliwaelekeza watunzi wa lebo mpya, yaani amri ndogo za ndani ya kiolezo, washindwe kimyakimya tovuti inapokuwa kazini. Ukikumbuka mahali mfumo huo ulipozaliwa, uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa gazeti linaloharakisha habari halitaki ukurasa wa mbele uanguke kwa sababu ya jina la mpigapicha lililokosekana. Mustache, uliotungwa na Chris Wanstrath mwaka 2009, ulifuata njia hiyohiyo.

Kimya hicho kilihesabiwa kuwa adabu, na kwa muda mrefu hakuna aliyekihoji sana, lakini ni vigumu kukitetea pale kiolezo kinapoamua jambo badala ya kuandika tu. Jina lililokosewa ndani ya sharti huchukuliwa na Django kuwa si kweli, kwa hiyo onyo ambalo lingepaswa kumtokea mteja mwenye deni haliandikwi kabisa, na kwa mipangilio ya kawaida hakuna kumbukumbu inayobaki kueleza kwa nini. Django ina mpangilio wa kuweka maneno ya kuonekana mahali pa kibadilika kilichokosekana, ila mwongozo wenyewe unaonya kwamba utumike kwa uchunguzi tu, kwa kuwa violezo vingi, vikiwemo vya Django yenyewe, vimeandikwa vikitegemea kimya hicho. Kasoro ikishategemewa hivyo hairekebishiki kwa urahisi. Mwaka 2017 toleo la 1.11 lilitangaza kwamba lebo ya kuingiza kiolezo kimoja ndani ya kingine itaacha tabia yake ya kumeza makosa na kuandika utupu, na badiliko lenyewe likaja katika toleo la 2.1 la mwaka 2018, zaidi ya miaka 13 tangu mfumo utolewe. Jinja2, mfumo uliotolewa mwaka 2008 na Armin Ronacher kwa kuiga sura ya violezo vya Django, ulikuwa umepita katikati: pengo la kawaida huachwa tupu, lakini kuomba kitu ndani ya kitu kisichokuwepo huleta eksepsheni, na anayetaka ukali huweza kuamuru kwamba pengo lolote liusimamishe ukurasa. Mfumo huo pia huandika upya orodha ya hatua zilizopitiwa na programu hadi ilipokwama, ili namba ya mstari iwe ya kiolezo alichokiandika mtu, na katika hilo umeizidi mifumo mingi iliyotangulia.

Kuna aina moja ya kosa ambayo violezo viliipokea vizuri mapema, nayo ni kosa la msomaji mwenyewe anapojaza fomu. Programu za awali za CGI zilimwambia arudi nyuma na kujaribu tena, na mara nyingi alikuta yote aliyoyaandika yamefutika. Struts, mfumo wa Java ulioanzishwa na Craig McClanahan mwaka 2000, na baadaye mifumo ya Rails na Django, iliifanya kuwa kawaida kurudisha fomu ileile ikiwa na maneno ya msomaji na kasoro iliyotajwa. Ujumbe wa aina hii, katika Django, umetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, hivi kwamba mtu anayeacha sehemu ya lazima bila kuijaza anaweza kuonywa kwa lugha yake. Ukurasa wa dharura wa mfumo huohuo, unaotokea seva inaposhindwa na mwenye tovuti hakuandaa wake, umeandikwa ndani ya programu kwa Kiingereza, na msomaji hukutana nao hivyo popote alipo.

Wakati waandishi wakibishana juu ya kimya na uwazi, ilidhihirika kwamba kosa lina msikilizaji mwingine ambaye hakualikwa. Njia ya faili iliyotajwa na PHP ilimwonyesha mvamizi mpangilio wa seva, na mwaka 2004 jumuiya ya usalama ya OWASP iliuweka ushughulikiaji mbaya wa makosa katika orodha yake ya hatari kumi kuu za wavuti. Hata ujumbe usiosema lolote uliweza kusaliti. Mwezi Septemba 2010, Juliano Rizzo na Thai Duong walionyesha kwamba tovuti za ASP.NET zilijibu kwa namna moja maandishi ya siri yalipokuwa na ujazo usiofaa na kwa namna nyingine yalipokuwa na kasoro tofauti, na kwamba tofauti hiyo ndogo, ikiulizwa mara nyingi vya kutosha, ilitosha kuyafumbua maandishi hayo bila ufunguo. Kabla ya kutoa marekebisho tarehe 28 mwezi huohuo, Microsoft iliwashauri wenye tovuti waonyeshe ukurasa mmoja kwa makosa yote, tena baada ya kuchelewa kwa muda usiotabirika, ili namba, maneno na kasi ya jibu zisimfunze mvamizi kitu. Upande wa pili, kurasa za uchunguzi ambazo mifumo mipya ilizipamba kwa ajili ya waandishi zilikuwa na nguvu kuliko zamani. Ile ya Werkzeug, maktaba ya Ronacher, humruhusu anayeiona aandike amri na kuziendesha ndani ya programu iliyokwama, na tangu toleo la 0.11 huomba kwanza namba ya siri. Mwaka 2015 kampuni ya Patreon ilitangaza kwamba wavamizi waliipenya kupitia toleo la uchunguzi la tovuti yake lililokuwa wazi kwa umma.

Jibu lililokubalika lilikuwa kutenganisha mahali: mwandishi aambiwe yote katika kompyuta yake, msomaji aambiwe machache, na maelezo kamili yapelekwe kwenye kumbukumbu au kwa barua pepe. Lakini ukurasa wa machache nao ni kiolezo, na unaweza kushindwa kwa sababu ileile iliyouita. Django huutunga ukurasa wake wa namba 500 bila kuupa kibadilika hata kimoja, ili kupunguza uwezekano wa kosa la pili. Rails, iliyotolewa na David Heinemeier Hansson mwaka 2004, ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka faili la HTML lililokamilika ambalo halihitaji programu yoyote kuliendesha. Umaskini huo wa makusudi ulipata sura: Twitter, iliyokuwa imejengwa kwa Rails na kuelemewa mara kwa mara mwaka 2008, iliwaonyesha watumiaji mchoro wa Yiying Lu wa nyangumi aliyeinuliwa na ndege wadogo, na mchoro huo ukajulikana kuliko huduma nyingi zilizokuwa zikifanya kazi bila matatizo.

Katika mifumo inayotunga kurasa kwa vipande, mgawanyo umeshuka kutoka kwenye ukurasa hadi kwenye sehemu zake. React 16, iliyotolewa na Facebook mwaka 2017, iliamua kwamba kosa lisilopokelewa liondoe kila kitu kwenye skrini, kwa hoja kwamba kiasi cha fedha kilichoonyeshwa kimakosa kina madhara kuliko kutoonyesha chochote, na ikampa mwandishi mipaka ya kuzungushia sehemu ili kinachoanguka ndani yake kisiangushe vilivyo nje. React 18 ya mwaka 2022 ilirudisha utumaji wa ukurasa kwa vipande kutoka kwenye seva, na pamoja nao ikarudi hali iliyowasumbua watumiaji wa JSP bafa ilipojaa: sehemu inayoshindwa baada ya kutumwa kwa kipande cha kwanza huachwa na kishikizi cha muda, kivinjari hujaribu kuitunga upya chenyewe, na jibu zima hubaki na namba 200, kwa sababu namba hiyo ilikwisha kuondoka.